Kamati ya Shule Ina Mamlaka ya Kujenga, ya Kuamua Yako Wapi?

Katika kata yetu, upande wa Moshi Vijijini ambako migomba na kahawa bado vinagawana kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mtoto anaweza kufika kwa miguu katika shule tatu tofauti za msingi za serikali. Hata hivyo, kabla jua halijatoka, magari ya njano ya shule hupanda hadi mwisho wa lami, yakakusanya watoto waliovaa sweta za rangi za kila aina na kuwashusha mjini, huku madarasa yaliyojengwa na babu zao yakianza siku na madawati matupu. Ukiuliza sababu utaambiwa ni Kiingereza. Jibu hilo lina ukweli, lakini mimi niliyekaa katika kamati ya shule kwa miaka kadhaa naona halitoshi. Mzazi anayempandisha mtoto kwenye gari lile ananunua Kiingereza, na pamoja nacho ananunua haki ya kusikilizwa anapolalamika, au angalau haki ya kuondoka asiposikilizwa. Shule ya Kayumba, kama tunavyoiita shule ya msingi ya serikali, imeshindwa kumpa yote mawili, ingawa ni yeye aliyeijenga.

Ninaposema aliyeijenga sisemi kwa mafumbo. Kila mtu wa huku anajua utaratibu wa nguvu za wananchi: mtendaji wa kijiji anaitisha mkutano, kila kaya inapangiwa kiasi chake cha fedha, vitongoji vinapeana zamu za kuchimba msingi na kusomba mchanga, na kazi inakwenda hadi kwenye lenta. Kisha boma linasimama kusubiri halmashauri ije kupaua. Lipo boma ninalolifahamu ambalo limesubiri mpaka magugu yakaota ndani yake kwa urefu wa dirisha. Wananchi walitimiza sehemu yao, lakini hapakuwa na kikao chochote ambacho wangeweza kumwita mtu aeleze kwa nini upande wa pili haujatimiza wake.

Hali hii ina historia ndefu, na watu wa mlimani wanaikumbuka vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa kutoka Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Shule zilizofuata zilikuwa za kanisa kwa jina na kwa mtaala, lakini ardhi ilitoka kwa wamangi, yaani machifu wetu, na koo, na mawe yalibebwa na wazazi. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, hasa baada ya chama kikuu cha ushirika cha KNCU kuanzishwa mwaka 1933, mavuno yalipimwa pia kwa ada ambazo yangeweza kulipa. Mwanakijiji wa wakati huo hakuwa na usemi mkubwa mbele ya padri wala mbele ya mchungaji, nisije nikaipamba historia. Lakini alimfahamu mwenye shule, alijua anaishi wapi, na Jumapili alimwona ana kwa ana.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao ulitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, iishi kwa kazi ya mikono yake na isijitenge na kijiji. Miaka miwili baadaye ilikuja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ambayo ilizihamisha shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku ya serikali na kuziweka chini ya serikali. Nakubali kwamba sababu ilikuwa ya haki: mtoto wa Kiislamu wa pwani au mtoto wa mfugaji wa Monduli asingeweza kuachwa nyuma kwa sababu tu mabibi na mababu zake hawakubahatika kupata misheni. Lakini sheria hiyo iliyosahihisha dhuluma moja ilikata pia kamba iliyomfunga mwanakijiji na shule yake. Mwaka 1972 serikali za mitaa nazo zikafutwa kwa jina la madaraka mikoani, na halmashauri za wilaya hazikurudi hadi mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi, mzazi mwenye jambo kuhusu shule hakuwa hata na diwani wa kumpelekea.

Katika kipindi hicho ndipo njia mbadala zilipochipuka, na ni vyema tukumbuke kwamba hazikuanza na magari ya njano. Serikali ilikuwa imebana idadi ya shule za sekondari kwa sababu fedha zilielekezwa kwenye elimu ya msingi kwa wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974 na kuanza kutekelezwa mwaka 1977, na nafasi chache za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mgao wa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Kilimanjaro, ambako watoto waliomaliza darasa la saba walikuwa wengi, iliumia zaidi kwa mgao huo. Wazee wetu hawakuandamana, walijenga. Makanisa, jumuiya ya wazazi na vikundi vya wananchi vilianzisha sekondari kila palipopatikana ekari chache, na zilipofika nyakati za miaka ya 1990, sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi nchini kuliko za serikali. Walimu wake wengi hawakuwa na mafunzo na maabara zilikuwa kabati moja lenye kufuli, lakini kila mzazi alijua nani ni mjumbe wa bodi, na mjumbe huyo alijua kwamba atakutana na mzazi huyo msibani.

Yaliyofuata yanajulikana, sitayachelewesha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua mlango kwa watu binafsi kumiliki shule za ngazi zote, na shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zikaanza kuenea Moshi na Arusha. Leo ukisimama kati ya miji hii miwili unaona kila aina: shule ya kimataifa iliyoanza Moshi mwishoni mwa miaka ya 1960 na sasa inaitwa UWC East Africa, ikiwa na kampasi katika miji yote miwili, Shule ya St Jude ya Arusha, iliyofunguliwa mwaka 2002 kusomesha bure watoto wa familia maskini kwa fedha za wafadhili, chekechea za masista, shule za wafanyabiashara zilizojengwa juu ya kiwanja kilichokuwa cha gereji. Upande wa serikali nao, kuanzia mwaka 2006, ulijibu kwa shule za kata, ambazo kwa mara nyingine zilijengwa kwa jasho la wananchi wale wale.

Sasa niseme kamati ya shule ni kitu gani, kwa kuwa wazazi wengi huijua siku ya michango tu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaitambua kamati kwa shule za msingi na bodi kwa sekondari. Wajumbe wengi wa kamati ni wazazi na wanakijiji waliochaguliwa, na katibu wake ni mwalimu mkuu mwenyewe. Tunajadili choo, uzio, chakula cha mchana, nidhamu, na mpango wa maendeleo wa shule. Tunatia saini na kupokea taarifa. Lakini mwalimu anaajiriwa na kupangwa kutoka juu, na nidhamu yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtaala unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, mtihani unatoka Baraza la Mitihani, ubora unakaguliwa na wathibiti ubora wa wizara, na halmashauri inaongozwa na mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Sipendekezi kwamba kila kijiji kiandike mtaala wake, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba ukiondoa yote hayo, kinachobaki mikononi mwa kamati ni tofali, saruji na gunia la mahindi ya makande.

Na fedha? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu hesabu yenyewe haina siri. Tangu Januari 2016, ulipoanza utekelezaji wa elimu bila malipo kwa waraka wa mwaka 2015, ada zilifutwa hadi kidato cha nne na serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule, jambo jema ambalo liliondoa upotevu mwingi wa njiani. Kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinafika shuleni. Shule yenye wanafunzi 200, na shule za aina hiyo si chache huku mlimani, inapata kwa hesabu hiyo shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi, za karatasi, chaki, mitihani ya majaribio, ukarabati na kila kitu kingine. Katika mwaka huo huo wa 2016 ilianzishwa posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Sina kinyongo na posho hiyo, kazi ya mwalimu mkuu ni nzito. Lakini msomaji aone mwenyewe kwamba anayeiongoza shule anapewa kwa uongozi wake mara mbili ya kile anachopewa ili aiendeshe.

Kwa kuwa ruzuku inafuata kichwa cha mtoto, kila gari la njano linaloteremka linashuka pia na fedha. Ankara ya maji haipungui kwa sababu watoto kumi wamehama, wala paa linalovuja halivuji kidogo zaidi. Huku kwetu jambo hili linauma kuliko kwingine, kwa sababu hata bila shule binafsi watoto wanapungua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro na ile ya 2022 ikahesabu 1,861,934, ongezeko la takriban asilimia 1.3 kwa mwaka wakati taifa linaongezeka kwa asilimia 3.2. Vijana wanakwenda Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, na wajukuu wanakuja Desemba. Shule iliyojengwa kwa mikondo miwili inabaki na mkondo mmoja mwembamba, na kanuni ya fedha iliyotungwa kwa ajili ya madarasa yaliyofurika ya mijini inaiadhibu kwa kosa la kuwa na nafasi.

Mwanzoni mwa 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na kwa mzazi aliyekuwa akirudishiwa mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi, ile ilikuwa nafuu kubwa. Hata hivyo marufuku ilitibu dalili. Mzazi hakuchukia kuchangia. Watu wa huku wanachangia harusi, misiba na makanisa bila kusukumwa. Alichukia kuchangia kitu ambacho hakushiriki kukiamua na ambacho hatasomewa matumizi yake. Kukomesha mchango bila kumpa mzazi usemi kulimwacha alipokuwa, ila sasa hata ile sababu yake ya kuja kikaoni imeondoka.

Jambo ambalo ruzuku haiwezi kulipima ni nani hasa wanaoondoka. Wanaohama kwanza ni mwenye duka la pembejeo, mwalimu mstaafu anayelipiwa wajukuu na mwanawe aliye Dar, muuguzi wa kituo cha afya, fundi mwenye kandarasi. Hao ndio waliokuwa wakisimama kwenye mkutano wa wazazi na kuuliza kwa nini darasa la tano halina mwalimu wa hisabati tangu Februari. Nakumbuka kikao kimoja ambacho agenda ya utoro wa mwalimu ilisomwa na hakuna aliyefungua mdomo, bibi mmoja anayelea wajukuu aliniambia baadaye, tukiwa njiani, “Baba, mimi nikisema leo, kesho mjukuu wangu ndiye atakayeulizwa.” Hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka mtoto, na kwa hiyo hakuwa na sauti.

Wapo watakaodhani kwamba naandika kuzipinga shule binafsi. Hapana, na ningekuwa mnafiki, kwa sababu katika ukoo wetu watoto wako pande zote mbili. Ila nawakumbusha wazazi wa huko kwamba wao pia hawana mamlaka wanayodhani wanayo. Shule ya mtu ni ya mtu. Ada hupanda kwa barua ya ukurasa mmoja, sare hubadilishwa rangi na kuuzwa shuleni peke yake, watoto wa darasa la saba huwekwa kambi miezi kadhaa kabla ya mtihani ili jina la shule lipande, na asiyefikisha wastani huombwa kwa upole atafute shule nyingine. Kikundi cha wazazi cha WhatsApp ni cha matangazo. Mwenye kuandika ni ofisi. Mzazi ana silaha moja tu, nayo ni kumhamisha mtoto, na ni silaha ambayo huwezi kuitumia kila muhula bila kumchanganya mtoto mwenyewe. Bodi ambazo wazee wetu waliziunda miaka ya 1980, kwa unyonge wake wote, zilimpa mzazi zaidi.

Wale wasio na fedha nao wana njia zao za pembeni, ambazo hazitajwi sana kwa sababu hazina magari. Upo mpango wa MEMKWA wa watoto walioikosa shule kwa wakati wake, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, upo mtihani wa maarifa unaomwezesha mtu kuingia kwenye mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na vipo vyuo vya ufundi. Tangu serikali iliporuhusu mwishoni mwa 2021 wasichana waliojifungua warudi shuleni, baadhi yao wamechagua njia hizi badala ya kurudi katika darasa lile lile. Nazitazama kwa heshima, lakini nazo hazina kamati ya mtu yeyote.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili kwa ukubwa kuliko sisi. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, nyingi zikiwa na bodi zinazopigiwa kura na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha hutoka kwenye kodi ya majengo ya mahali hapo. Matokeo yake ni kwamba mtaa wenye nyumba za bei una shule ya bei. Hata kwa bodi hizo wazazi hawakuridhika, na mwaka 1991 jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza ya shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba, nje ya bodi ya wilaya. New Zealand ilikwenda mbali zaidi mwaka 1989 kwa kuipa kila shule bodi iliyochaguliwa na wazazi, yenye fedha na mamlaka ya kuajiri walimu. Jirani zetu wa Kenya wana bodi za usimamizi ambazo huajiri walimu wa ziada kwa fedha za wazazi, na pengo kati ya shule yenye wazazi wenye uwezo na isiyo nao linaonekana waziwazi. Kwa hiyo sidai kwamba mamlaka ya wenyeji yanaponya kila kitu. Yakiachwa bila fedha ya kusawazisha kutoka serikali kuu, yanageuka kuwa upendeleo kwa waliobarikiwa tayari.

Huku Uchagani tuna mfano ulio karibu zaidi na sisi. Mfereji wa maji, mfongo, una watu wake. Wanaochimba na kusafisha ndio wanaogawa zamu, ndio wanaomtoza faini aliyeiba maji usiku, na asiyetokea siku ya kazi anaweza kunyimwa zamu yake. Wilaya haijawahi kuja kutugawia maji ya Jumanne na Ijumaa, na bado migomba imenyweshwa kwa karne nyingi. Watu hawa hawa, wakiingia kwenye jengo la shule walilolijenga, wanaonekana ghafla hawawezi kuaminiwa hata kuona daftari la mahudhurio ya walimu.

Ningeanzia hapo hapo kwenye daftari. Kamati ipewe kwa kanuni, na si kwa hisani ya mwalimu mkuu, haki ya kuona mahudhurio ya walimu kila mwezi na kupeleka maoni ya maandishi kwa afisa elimu kata, ambaye atalazimika kujibu kwa maandishi. Pili, mwalimu asihamishwe katikati ya mwaka kutoka shule yenye upungufu kabla kamati haijaulizwa. Sisemi iwe na kura ya turufu, iulizwe tu. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, ruzuku iwe na sehemu isiyobadilika kwa kila shule, ya kulipia yale ambayo hayapungui, na juu yake ndipo ifuate ile ya kila kichwa. Kwa shule binafsi, usajili uambatane na sharti la kuwa na wawakilishi wa wazazi waliochaguliwa na wazazi wenyewe, wenye kuona sababu za kupandisha ada kabla barua haijatoka. Wamiliki watalalamika. Nadhani wazuri miongoni mwao hawatalalamika sana, kwa kuwa mzazi anayesikilizwa hahamishi mtoto.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya kalenda. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya lazima iwe ya miaka kumi na elimu ya msingi iishie darasa la sita. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Sekondari zetu za kata zitahitaji vyumba, maabara, madawati na walimu kwa wingi usio wa kawaida, wakati shule za msingi zitabaki na vyumba vya darasa la saba visivyo na kazi. Mtendaji ataitisha mkutano, kiasi cha kila kaya kitasomwa, na vitongoji vitapangiwa zamu. Napendekeza wanakijiji wa kata yetu waende kwenye mkutano huo wakiwa na ajenda yao ya maandishi, yenye mambo mawili ya kuingizwa kwenye muhtasari kabla ya tofali la kwanza: halmashauri itapaua lini, kwa tarehe, na je, vyumba vitupu vya shule za msingi zilizo jirani na sekondari haviwezi kutumiwa na kidato cha kwanza badala ya kujenga vipya. La pili linaweza kuamuliwa na kata yenyewe kwa kupita na kuvihesabu vyumba hivyo, ikiwa mtu atairuhusu iamue.